Kamasi Nilizomeza Ukweni

Niliolewa mwezi wa nne, na kufikia wa saba nilikuwa nimeshaamini kabisa kwamba mama mkwe wangu ananiwekea kitu kwenye uji. Naandika waziwazi leo kwa sababu wakati ule sikusema waziwazi. Nilisema pembeni, kwa sauti ya chini, kwa mtu mmoja tu. Ingekuwa heri ningepiga kelele barabarani, watu wote wakanisikia, wakanicheka, yakaisha.

Mimi ni mtu wa Sekenke, kule Iramba, kwenye mashimo ya dhahabu. Nimekulia mahali ambapo mtu akitoka shimoni anaangaliwa mikono, anaangaliwa mifuko, na akicheka sana anaangaliwa mpaka mdomo. Baba yangu hakuwahi kumwachia ndugu yake wa tumbo moja mfuko wa mawe hata kwa muda wa kwenda kujisaidia. Mama yangu alifungia chumvi kwa kufuli. Kwa hiyo mambo ya kushuku watu sikufundishwa na mtu, niliyakuta nyumbani na nikadhani kila nyumba ndivyo ilivyo.

Mume wangu alikuja kwetu kuchimba. Tukapendana, akatoa mahari, akanipeleka kwao, kijiji kimoja karibu na Sepuka. Alikaa nami wiki tatu, akarudi machimboni kutafuta. Nikabaki na mama yake, wawili tu ndani ya ua, pamoja na mbuzi na kuku.

Alikuwa mjane mrefu, mwembamba, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Mume wangu ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Kijijini alijulikana kwa jambo moja, uji wa mzazi. Mwanamke akijifungua, kabla hata hajafika nyumbani kutoka zahanati, mtu anatumwa kuja kumwita mama. Anajifunga khanga, anabeba chungu chake mwenyewe, anakwenda kumpikia mzazi uji wa uwele siku saba mfululizo. Watu wazima wa kijiji kile, nusu yao, mama zao waliunywa uji huo kwanza ndipo wao wakapata maziwa. Hakuwa na ng'ombe wala bati jipya, lakini akipita njiani wanawake walisimama kumsalimia.

Kwangu alikuwa mpole. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kwanza. Mama mkwe mkali namwelewa, nimeandaliwa kwa ajili yake. Huyu aliniita mwanangu, akanipa kigoda kizuri, akaniuliza kila asubuhi nimeamkaje, na baada ya kuniuliza hakuondoa macho. Mimi alinisemesha Kiswahili. Wenzake wakija wanaongea Kinyaturu, ambacho sikukijua, na nikiingia jikoni sauti zinashuka. Natazamwa usoni, kisha natazamwa tumboni. Nikawa najiuliza hawa wanapima nini.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ukweni ilikuwa uwele. Ulikuwa umevunwa, umekauka, unangoja kupurwa na kupepetwa. Aliyewahi kupepeta uwele anajua vumbi lake, si vumbi la kawaida. Linawasha shingoni, linawasha kwenye mikunjo ya mikono, linaingia puani na kukaa humo. Na upepo wetu wa mwezi wa saba hauchagui upande. Unasimama vizuri na ungo wako, makapi yanakwenda kule, halafu ghafla yanarudi yote usoni. Siku ya tatu pua yangu iliziba upande mmoja. Siku ya tano pande zote mbili, paji la uso zito, mashavu yanauma nikiinama kufagia.

Sasa, kuna jambo nililofundwa kabla ya kuondoka kwetu. Mama yangu na shangazi zangu waliniweka ndani siku mbili wakaniambia mengi, na mojawapo lilikuwa hili: ukweni hupengi kamasi mbele ya mama mkwe, hutemi, hukohoi ovyo. Mpaka uzae mtoto wa kwanza. Bibi harusi anayepenga kamasi mama mkwe akiwa amekaa na chakula, amewatukana wazazi wake mwenyewe. Shangazi mmoja alirudia hilo mara mbili, nadhani lilishamkuta.

Basi mimi nilikaa na mama mkwe kutwa nzima, uwanjani, jikoni, mlangoni, na kamasi zikija nazivuta ndani, nameza. Taratibu, bila mlio, kwa adabu kubwa. Nilijiona nimefundika kweli. Kulala nako, kitanda chetu kilikuwa kimetengwa na cha mama kwa ukuta mwembamba tu, kwa hiyo hata kule sikuthubutu kupenga. Nalala chali, nasikia kitu kinateremka nyuma ya koo, nameza, nalala.

Wiki haikuisha, asubuhi zikawa mbaya. Naamka koo limejaa, mate mazito, tumbo limechafuka kabla sijaweka kitu kinywani. Nakwenda nyuma ya choo natapika ute mweupe unaovutika. Narudi, namkuta mama mkwe ameshika bakuli la uji. "Kunywa mwanangu, upate nguvu." Nakunywa kwa sababu siwezi kukataa, na haipiti muda narudi tena nyuma ya choo na uji wote.

Nikaunganisha. Uji, kisha kutapika. Uji, kisha kutapika. Kwamba nilitapika hata kabla ya uji sikuliweka kwenye hesabu. Mtu akishaamua kushuku, anaokota yale anayoyataka tu.

Na yeye alinisaidia kumshuku. Siku moja nimerudi kutoka nyuma ya choo, nikageuka, nikamwona amenyata mpaka pale, amesimama anatazama nilipotapika. Akaja akaniuliza, "Leo mara ngapi?" Nikasema mara mbili. Midomo ikamcheza, kama mtu anayezuia kicheko. Siku iliyofuata akauliza tena. Nikasema moyoni, huyu anafuatilia dawa yake inavyofanya kazi.

Kisha nikaona fundo la khanga. Jiko letu lilikuwa la fito, udongo umebanduka upande mmoja, na mimi nilikuwa nje nakusanya kuni. Nikamwona anatazama mlangoni kwanza. Halafu akafungua fundo kwenye pembe ya khanga, akatoa kitu cheusicheusi, akakitumbukiza kwenye uji, akakoroga, akafunga fundo tena haraka. Nilisimama pale na kuni mkononi. Mtu anayetia chumvi haangalii mlango.

Kuanzia siku hiyo sikunywa uji wake. Nilikuwa nachukua bakuli, nashukuru, nakwenda nalo nyuma ya nyumba kama mtu anayetaka kukaa kivulini, namwagia kuku. Kulikuwa na tetea mmoja mweusi aliyenizoea haraka sana. Nilimchunguza yule kuku kuliko nilivyowahi kumchunguza mtu. Nilimwangalia macho, nilimwangalia mwendo, nilimwangalia kinyesi. Alinenepa. Akaanza kutaga kila siku. Mtu mwenye akili zake angesema, basi uji ni mzima. Mimi nikasema, kumbe kimetengenezwa kwa jina langu, kuku hakimuhusu.

Kutapika hakukuisha. Uji nimeacha, na bado kila asubuhi nipo nyuma ya choo. Hapo nikashuku maji, nikawa nachota yangu peke yangu na kuyaficha chini ya kitanda. Nikatapika. Nikashuku mboga, nikaanza kusema mlenda haunipendi, nikala ugali mkavu na karanga nilizokaanga kwa mkono wangu. Nikatapika. Basi nikashuku vyombo. Nilikuwa naosha bakuli langu kwa majivu mara tatu, na kila nikiosha mama mkwe ananitazama, hasemi kitu, anatabasamu kidogo. Nilikuwa nimekonda mpaka gauni linanishuka mabegani.

Ndipo nikasema. Nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nimepanga foleni na debe langu, na nyuma yangu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mwanamke aliyeolewa hapo kutoka Mungaa, mjamzito wa miezi minane. Yeye ndiye pekee aliyekuwa akicheka nami.

"Dada, mbona umekonda hivyo?" akaniuliza. "Au ndiyo mambo tayari?"

"Mambo gani? Naumwa tumbo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kunywa uji wa mama."

Nilisema hivyo tu, na mashine ikanguruma, na ningeweza kuishia pale. Lakini yeye aliweka mkono kwenye tumbo lake. "Uji huuhuu anaopikia wazazi?"

"Sina hakika," nikasema. "Ila nimemwona kwa macho yangu anatia kitu. Alitazama mlangoni kwanza."

Alivuta debe lake mbele kwa mguu, na ilipofika zamu yake alisaga na kuondoka bila kunisubiri.

Naomba ieleweke nilichokuwa nimefanya. Upande wetu huu wa nchi, mwanamke mzee, mjane, macho mekundu, haulizwi ushahidi. Linatajwa jambo moja kwenye foleni, linatembea. Wapo wazee waliohama vijiji kwa maneno ya namna hiyo, na wapo ambao hawakupata hata nafasi ya kuhama. Mimi nililijua hilo. Sikuwa mtoto. Nililijua na nikalisema, kwa sababu nilikuwa naogopa kufa, na hofu yangu niliiona kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Jioni ile nilimpigia mume wangu. Nikamwambia mama yako ananilisha kitu.

"Mke wangu," akasema, "mama amenilisha mimi maisha yangu yote. Mbona sijafa?"

"Wewe ni mwanawe."

"Sikiliza. Kesho nenda zahanati ukapime. Na hilo neno usimwambie mtu yeyote, umenielewa? Mtu yeyote."

Nikasema nimeelewa.

Zahanati nilikwenda, lakini si kwa nia aliyokuwa nayo yeye. Nilikwenda kutafuta ushahidi. Asubuhi ile nilipokea uji, nikaumimina kwenye chupa ya soda, nikafunga kizibo, nikaficha chupa kwenye mkoba chini ya kitenge. Njia nzima niliibana kwapani.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya kukatakata. Nilimweleza, nikatoa chupa, nikaiweka mezani. Nikamwambia nataka apime.

"Nipime nini?"

"Huo uji."

Aliitazama ile chupa, akanitazama mimi. "Mashine ya kupima uji hatuna," akasema. "Tuna ya kukupima wewe." Akanitoa damu, akanipa kikopo cha mkojo. Malaria hakuna. Mimba hakuna. Wakati anaandika mimi nilivuta kamasi nikameza, kama kawaida yangu, na yeye akaacha kuandika.

"Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Umemeza nini?"

Nikaona aibu. Nikasema ni mafua kidogo. Akainuka, akanibonyeza mashavuni chini ya macho kwa vidole gumba, nikapiga kelele. Akasema haya ndiyo unayoyaita kidogo. Akanifungua kinywa akamulika na tochi mpaka nyuma ya koo, akatikisa kichwa.

"Hizi kamasi unazipeleka wapi?"

"Nameza."

"Zote?"

"Niko ukweni, daktari."

Aliweka tochi chini akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza, na akili yangu ilikuwa inakataa lakini masikio yalisikia. Vumbi la uwele limeniwasha ndani ya pua mpaka kwenye mashimo ya usoni, kamasi zimekuwa nyingi na nzito. Nikilala chali zinateremka nyuma ya koo badala ya kutoka mbele. Usiku kucha zinaingia tumboni, na mchana naongeza kwa kuzivuta. Tumbo likijaa ute ule linachafuka, na ndiyo maana asubuhi inakuwa mbaya kuliko wakati mwingine wowote. Nikiweka uji juu yake, uji unatoka nao. Nikiacha uji, ute utatoka peke yake. Hakukuwa na mtu kwenye habari ile zaidi yangu.

Akanipa dawa, akaniambia nichemshe maji, yapoe, nitie chumvi kidogo, nioshee pua asubuhi na jioni. Nifunge kitambaa nikipepeta. Nilale nimeinua kichwa. Ikipita wiki mbili bila nafuu, au nikipata homa kali, nirudi haraka. "Na penga," akasema. "Penga kwa nguvu zako zote, tema, hata akiwepo mkuu wa wilaya."

Halafu akafungua ile chupa, akanusa kile ambacho pua yangu iliyoziba haikuweza. "Huu una ukwaju. Nani kapika?"

"Mama mkwe."

"Anadhani una mimba. Wazee wanawatilia ukwaju wajawazito wanaochafukwa tumbo." Akafunga kizibo, akanirudishia chupa yangu. "Mpe pole."

Kwa jinsi nilivyo, nikamshuku na daktari. Nikamuuliza yeye ni mtu wa wapi, nikidhani labda ni ndugu ya mama. Akasema Mkalama. Hapo nikakosa pa kushika. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje na chupa yangu mapajani, na aibu ikanipanda taratibu mpaka masikio yakawaka moto. Yale macho tumboni. Zile sauti za kushuka. Kile kicheko alichokuwa akikizuia. Mwanamke yule alikuwa anasubiri mjukuu, na mimi nilikuwa nasubiri anizike.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anachambua mboga. Nikakaa chini, nikatoa kitambaa, nikapenga kamasi mbele yake, kwa mlio. Akashtuka, akainua kichwa.

"Mama, nilikuwa naumwa hizi," nikasema. "Nilikuwa nazimeza kwa adabu. Daktari amesema ndizo zinazonitapisha. Mimba hakuna."

Aliendelea kuchambua majani mawili, matatu. Kisha akafungua lile fundo la khanga, akamwaga ukwaju wake kwenye ungo pamoja na mboga. "Mimba changa haitajwi," akasema. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilikuona unamwagia kuku uji, nikasema hiyo mimba imeukataa, ni kawaida." Akacheka kidogo. "Na vyombo ulivyokuwa unaosha! Nikasema huyu amebeba mtoto mwenye kinyaa."

Ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia yote, na sikumwambia. Nilicheka naye. Nikajidanganya kwamba neno lililobaki nitalimaliza kimyakimya.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani. Nikamweleza habari nzima, ukwaju, kamasi, daktari. Nikamwambia nilikosea, mama hana kosa lolote. Alinisikiliza akiwa amejilaza mkekani, mkono kwenye tumbo. "Aa, dada, hayo yameisha," akasema. "Mimi hata sikusema na mtu." Alisema upesi mno. Njiani kurudi, wanawake wawili walinipa pole ya ugonjwa, na mimi sikuwahi kuwaambia kwamba naumwa.

Dawa ilinifaa. Nilipenga, nilitema, niliosha pua, na siku ya kumi niliamka tumbo limetulia kama la mtu mwingine. Nilirudi kwenye uji wa mama na nikaunywa mabakuli mawili kwa mpigo. Jirani naye akajifungua salama.

Tulisikia habari asubuhi. Mama akaosha chungu chake, akakianika. Akajifunga khanga nzuri akakaa mlangoni. Hakuna aliyekuja kumwita. Ikapita siku hiyo, ikapita ya pili. Yeye alikuwa akisema, labda mzazi bado yuko zahanati, na wote wawili tulikuwa tumesikia mtoto akilia nyumba ya pili. Siku ya tatu akasimama. "Wamesahau," akasema. "Wana mambo mengi." Akabeba chungu, mimi nikabeba unga, tukaenda bila kuitwa.

Walitupokea. Kiti tulipewa. Mama yake jirani alikuwa amefika kutoka Mungaa, na wanawake wengine watatu wamekaa ukutani. Mama akapika kama anavyopika siku zote, bila haraka, anaupima moto kwa mkono. Akamimina kwenye bakuli, akalibeba kwa mikono miwili mpaka alipokaa mzazi. Pale mama wa jirani akanyoosha mkono, akamzuia.

"Mama, utusamehe," akasema. "Onja kwanza."

Kwetu mwenye pombe huonja funda la kwanza mbele ya mgeni asiyemjua, kuonyesha kwamba ni salama. Ni desturi ya watu wasiojuana. Hakuna aliyewahi kumwomba yule mama aonje uji wa mzazi, mahali ambapo nusu ya kijiji ilikuzwa nao.

Nikasimama. "Hauna kitu huo uji!" nikasema. "Mimi ndiye niliyesema, na nilikosea. Zilikuwa kamasi zangu mwenyewe. Nilikuwa nazimeza, zikanivuruga tumbo. Daktari ndiye aliyesema."

Mmoja wa wale wa ukutani akacheka puani. "Kamasi zinavuruga tumbo?" Mwenzake akamkanyaga mguu. Jirani yangu alikuwa anatazama mtoto wake, hakuinua uso. Mkono wa mama yake bado ulikuwa umenyooka.

Mama mkwe hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nilimwona anarudi nyuma kwa mawazo, siku moja baada ya nyingine, kuku, vyombo, maji chini ya kitanda, na kila alipofika alikuta sababu mpya. Halafu akainua bakuli, akanywa. Si funda moja, aliunywa wote, wa moto, mpaka mwisho. Akafuta mdomo, akamimina mwingine, akakabidhi. Mama wa jirani akashukuru, akalifunika bakuli kwa sahani akaliweka pembeni. Tulipoondoka lilikuwa bado limefunikwa.

Njiani nilitaka kumpokea chungu, akakataa.

Asubuhi iliyofuata alinipikia uji. Akamimina, akaja nao mpaka mbele yangu, akasimama. Akapeleka bakuli mdomoni kwake, akanywa funda moja, akameza nikiwa namtazama. Ndipo akanipa.

"Mama, kwangu usionje," nikasema. "Mimi ni wa nyumbani."

"Kwako ndiko kulikoanzia," akasema. Hakusema kwa hasira. Akaenda kuwafungulia mbuzi.

Nilimwomba msamaha nimepiga magoti, na alinisamehe, sina shaka na hilo, na mimi ni mtu wa kuwa na shaka. Mume wangu alikuja, tukakaa watatu, yakazungumzwa, yakaisha. Nilipopata mimba ya kweli alinishika mkono kwenye kila kilima. Nilipojifungua alinipikia siku zote saba, na kila bakuli alilionja kwanza mbele yangu. Nimelia, nimenyamaza, nimekasirika, siku moja nilimnyang'anya bakuli kabla halijafika mdomoni kwake. Akaenda kuchukua kijiko.

Kwa wazazi wengine hakuitwa tena. Habari ya kamasi zangu nimeisimulia kijiji kizima, sokoni, mnadani, kwenye mashine ileile ya kusaga, na hakuna asiyecheka. Wananiita mmeza kamasi, nami naitika. Wanacheka, wananielewa, na mwanamke akijifungua wanamwita mtu mwingine.

Binti yetu ana miaka minne. Anashinda na bibi yake, anakula na bibi yake, anazungumza Kinyaturu safi kuliko nitakavyowahi kukizungumza. Juzi nimerudi shambani nimechoka, nikakaa mlangoni, nikamwomba maji ya kunywa. Akaja nayo kwenye kikombe, amekishika kwa mikono miwili, polepole yasimwagike. Akasimama mbele yangu, akanywa funda moja, akameza, akanitazama machoni mpaka alipohakikisha kwamba nimeona.

"Tayari, mama," akasema. "Sasa unaweza kunywa."

Hakuwa anacheza. Anajua kwamba mimi ndivyo ninavyopewa.